Mzizi wa Watu wa Haraka

Paskali,

Leo sikuamkii. Nimekupa shikamoo tangu nilipoanza kusema, na miaka ya mwisho ulikuwa unaipokea bila kuinua macho kwenye simu, ukitafuta kama kuna mtu Brazili au India amekunukuu tangu jana. Kwa hiyo tuanze bila heshima. Sisi ni ndugu na mmoja wetu amekufa. Hakuna tena wa kumwonea haya mwenzake.

Jumamosi unatimiza mwaka. Kutakuwa na misa, halafu watu wataelekea kaburini kwako hapa Sigino, halafu chakula. Mkeo ameniomba niandike wasifu wako, kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika magazetini na ndiye ninayesemekana kuwa na maneno. Alinikabidhi maboksi manne yaliyotoka ofisini kwako chuoni. Anataka ukurasa mmoja wa kusomwa kaburini: profesa wa famakolojia, mtoto wa Sigino, makala kadhaa, nukuu nyingi, mtu aliyeipeleka dawa ya nyumbani kwetu mpaka kwenye majarida ya dunia.

"Wifi, usiweke ugomvi," aliniambia. "Weka namba tu. Alizipenda."

Ulizipenda kweli. Siku tunamzika mama ulisimama nyuma ya kanisa umeinama, nikadhani unalia, nikaja kukushika mkono. Ukanionyesha kioo cha simu. "Imempita hata aliyenisimamia Ulaya," ukasema. Ulikuwa unazungumzia makala. Jeneza lilikuwa bado liko mbele ya altare. Hilo sijalisahau, na nakuambia leo kwa sababu huwezi kujitetea, na kujitetea ndiyo kazi pekee uliyoiweza kuliko mimi.

Hesabu hiyo ulinifundisha wewe mwenyewe. Tulikuwa tunakula perege karibu na ziwa, Babati mjini, ukanieleza kama mtu anayemweleza mtoto: mtafiti akiandika makala, mwingine akaitaja katika makala yake, hiyo ni nukuu moja. Nukuu zikiwa nyingi unapanda cheo, unaalikwa, unasikilizwa. Nikakuuliza kama anayekutaja ni lazima awe amekusoma. Ulicheka mpaka mwiba ukakukwama kooni, nikakupa tonge la ugali ulimeze.

Basi mimi nimekusoma. Wiki mbili nimekaa na maboksi yako na kamusi, nimesoma kila ukurasa, na nina hakika mimi ndiye binadamu wa kwanza kufanya kazi hiyo, nikiwahesabu na waliokunukuu. Makala nyingi ziliandikwa na wanafunzi wako, wewe ukaweka jina mbele. Nyingine ni makala moja uliyoikata vipande vitatu kama mkate, kila kipande ukakipeleka kwenye jarida lake. Na katika zile nukuu ulizokuwa ukitusomea mezani Krismasi, fungu kubwa ni wewe unayejitaja mwenyewe, ukifuatiwa na wanafunzi ambao walijua vizuri nani anasahihisha tasnifu zao. Hayo yote ningeyanyamazia. Ni majivuno, na majivuno ya profesa hayamkati mtu mguu.

Tatizo ni ile moja. Makala ya mzizi.

Unakumbuka ulivyokuja kuuchukua? Mimi nakumbuka, nilikuwepo. Ulikuja asubuhi na gari la chuo, na dereva hakuzima injini. Shangazi Agnesi, aliyetulea sisi wote wawili na ambaye watu wanamfuata kwa dawa kutoka Babati mjini mpaka Bonga, alikuwa anakoroga uji. Ukamwambia unataka mzizi wa kisukari. Akaingia ndani, akatoka na vipande kwenye mfuko wa kaki, akakuonyesha na mti. Ulichuma majani, ukayabana katikati ya magazeti kwa ajili ya hifadhi yenu ya mimea. Akakuambia ukae unywe uji. "Siku nyingine, Shangazi," ukasema. Hukukaa. Vumbi la gari lilishuka kwenye sufuria.

Makala ikatoka. Panya wenye kisukari waliopewa mzizi wa Sigino, uliandika, sukari yao ilishuka karibu sawa na ya panya waliopewa vidonge. Ikanukuliwa, ikanukuliwa tena. Nimezifuatilia hizo nukuu. Karibu zote ni sentensi ileile, kwamba mmea huu unatumiwa na waganga wa Manyara kutibu kisukari, na jina lako mbele ya mwaka. Mmoja ameinakili kwa mwenzake, huyo kwa mwingine. Hakuna hata mmoja aliyepanda bodaboda mpaka kwa Shangazi kumuuliza.

Na mimi nikaandika safu yangu gazetini.

Unaijua, uliiweka kwenye fremu. Unajua nilivyokuwa na hasira na wale wanaoona kila kilichotoka kwa bibi zetu ni uchawi. Ulinipa rungu nami nikaliinua. Niliandika kwamba vidonge ni kamba tuliyofungwa shingoni na kufundishwa kuishukuru. Niliandika kwamba kilichopo nyuma ya nyumba ya mwanamke wa Sigino kimewashinda wenye makoti meupe, na sasa sayansi yao wenyewe imekiri. Ilikuwa sentensi nzuri. Redio ziliniita. Watu walinisimamisha stendi kunipa mkono.

Nikaenda kumsomea Shangazi, nikijua atafurahi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunika uso kwa kanga akacheka, na ni mwanamke ambaye hacheki ovyo.

"Ule niliompa ni wa watu wa haraka," akasema.

Paskali, wewe ulijua. Hilo ndilo linaloniunguza. Wewe na mimi tulikulia katika ua ule, tunajua anavyofanya kazi. Anayekuja kwake mara ya kwanza, awe padri, awe mkuu wa wilaya, anapewa mzizi wa mti wa ua, ule wa uzio tu, ambao haudhuru wala hauponyi. Mgonjwa wa kweli atarudi baada ya wiki aseme haujamsaidia. Hapo ndipo Shangazi anaketi naye, anamuuliza anakula nini, analala vipi, anakwenda haja mara ngapi, kisha anampa wa pili. Asiyerudi hakuwa anaumwa, alikuwa anataka kitu kingine. Bibi alimfundisha hivyo. Na nani alikuwa anachimba mizizi ya ua, akiwa na kaptura iliyochanika? Ulikuwa unaichimba wewe, na ukiona mgeni anaondoka na mfuko unanikonyeza.

Shangazi aliamini unajua. Alidhani umeondoka na wa kwanza kama mtu anayefuata utaratibu, na kwamba utarudi. "Nimemwekea wa kweli juu ya dari," akaniambia. "Nauanika kila kiangazi usiote ukungu."

Nilikupigia simu palepale, nikiwa bado uani kwake. Ukasema, "Panya hawajui mila, dada. Sukari ilishuka."

Sasa sikiliza ubaya wangu, maana sikuja kukutukana wewe peke yako. Nilishusha pumzi. Nilifurahi umenipa jibu. Safu yangu ilikuwa imenipeleka mahali, na sikutaka kurudi. Mimi ambaye nimegombana na wabunge, na maaskofu, na kila mwalimu mkuu wa mkoa huu kwa kosa la nukta, sikukuuliza swali la pili. Nilikata simu nikanywa chai.

Wewe ukafa. Moyo ulisimama ofisini, mchana, kompyuta ikiwa wazi. Mkeo anapenda kusema ulifia kazini. Nami nililia, usidhani sikulia. Nililia hadharani kwa aibu, nikikumbuka ulivyonifundisha kusoma kabla sijaenda shule, kwa kipande cha gazeti kilichofungia sukari dukani. Nilikuwa nikikwama kwenye neno, naotea, wewe unanipiga konzi. "Usiotee," unasema. "Tazama." Sijawahi kupata mwalimu mwingine kama yule mtoto wa miaka kumi. Laiti angekuwa hai yeye.

Miezi minne baada ya kukuzika, Mwalimu Fabiani wa Bonga alikatwa mguu.

Unamkumbuka. Nilifundisha naye kabla sijaacha ualimu, yeye Kiswahili mimi historia, na alikuja kwenye msiba wako akiwa na miguu miwili. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, anameza vidonge vyake, anapima, anaishi. Kisha akaweka vidonge kabatini akaanza kunywa unga wa mzizi anaonunua sokoni Babati. Kidonda kidogo cha kiatu kikakataa kupona. Nilikwenda kumwona wodini na machungwa. Nikamwambia pole, nikaondoka. Machungwa, Paskali. Nilimpelekea machungwa mtu wa kisukari, kwa jinsi nilivyokuwa sitazami.

Nikajiambia huenda ni bahati mbaya. Huenda panya ni mashahidi. Huenda mti wa ua una kitu ambacho Shangazi mwenyewe hakijui. Ningeendelea hivyo mpaka kaburini kwangu kama mkeo asingenipa maboksi.

Katika boksi la tatu kuna daftari la maabara lenye jalada la kijani. Mwandiko ni wako, ule wa kuegemea kushoto. Mimi si mfamasia lakini najua kusoma orodha. Panya waliopewa mzizi wamepangwa kwa namba, na mbele ya kila namba sukari yao kila wiki. Haishuki. Inapanda, inakaa, inapanda. Wachache tu ndio walioshuka. Na pembeni ya wale sita ambao sukari yao ilipanda zaidi umeandika neno moja, kwa kalamu nyekundu, mara sita: ondoa. Ondoa. Ondoa. Kwenye makala iliyochapishwa hao sita hawapo. Hakuna mahali panaposema walikuwepo.

Uliniambia panya hawajui mila. Kumbe walikuambia ukweli uleule ambao Shangazi angekuambia kama ungekaa kunywa uji. Ukawafuta.

Nyuma ya daftari kuna barua pepe uliyoichapa kwenye karatasi. Mama mmoja mtafiti, wa nje, anakueleza kwa adabu kwamba amejaribu mzizi wako mara tatu na hapati kitu, anaomba umsaidie kuona anakosea wapi. Umemjibu kwamba tatizo ni udongo wake, kwamba mmea wa Manyara una nguvu kwa sababu ya mwinuko na majira ya mvua. Akakushukuru. Kisha, na hapa nilicheka peke yangu kama mwehu, akakunukuu.

Kwa hiyo usiniambie ulipitiwa. Mtu anayeweka ushahidi dhidi yake kwenye boksi, kwa mpangilio wa tarehe, hakupitiwa. Ulikuwa unajua na ulikuwa unahesabu, yote mawili, kila asubuhi, kabla ya chai.

Sijui kama mzizi wa pili unatibu. Hakuna anayejua. Ulikuwa unaweza kujua wewe, peke yako duniani, mwenye maabara mkono mmoja na shangazi mkono wa pili. Ilikuwa inahitaji urudi mara mbili, ukae, unywe uji. Hilo ndilo sitakusamehe. Uongo wenyewe umejaa dunia nzima. Lakini wewe ulikuwa mlangoni pa ukweli na dereva anakusubiri.

Juzi nilipanda bajaji mpaka Bonga. Nilimkuta Mwalimu Fabiani barazani, magongo yameegemezwa ukutani. Nikamwambia yote: mti wa ua, simu, daftari, panya sita. Nikamwambia makala ya ndugu yangu ilikuwa ya uongo na kwamba mimi nilishakuwa na sababu ya kujua kabla yeye hajaacha vidonge. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Profesa mimi sikumsoma," akasema. "Kizungu kile cha nani? Nilikusoma wewe."

Kisha akanisomea safu yangu, Paskali. Kwa kichwa. Ile sehemu ya kamba shingoni, yote, na mikato yake. Aliwahi kuwapa kidato cha tatu kama kifungu cha ufahamu, na maswali akatunga mwenyewe. Alipomaliza akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wanaorudisha kazi ikiwa na doa la chai.

"Shida yako, Mwalimu, unaandika vizuri sana."

Ndugu yangu, umenukuliwa na mabara yote na hakuna aliyeumia, kwa sababu hakuna aliyekuamini kiasi cha kubadilisha chochote. Nukuu moja tu ndiyo iliyofanya kazi. Ni yangu.

Kutoka Bonga nilishuka sokoni. Anayeuza ule unga ni mtu mpole, ananiita mama. Amekata safu yangu gazetini, yenye picha yangu, akailaminisha na kuitundika juu ya vikopo. Nikamwomba aishushe. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia si kweli. Akaisoma tena, polepole, kidole kikifuata mistari, akaniangalia na kuangalia picha. "Mbona ni wewe, mama?" Hakuishusha. Nilitaka kuichana nikashindwa, ni plastiki.

Kwa mkeo ilikuwa mbaya zaidi. Nilimweleza jikoni kwake, akaendelea kuchambua mchele wa Jumamosi kama hanisikii. Kisha akasema, "Wewe wifi umegombana na watu wote wa Babati wakaisha, sasa umehamia makaburini." Nilistahili. Akasema Neema wenu anasoma ufamasia kwa sababu ya baba yake, na amechagua mzizi uleule kuwa utafiti wake. Aliutaja huo utafiti ili nione huruma ninyamaze. Nami ndipo nilipojua sitanyamaza. Umemwachia mwanao miaka mingapi ya kuwapa panya maji ya mti wa ua na kujiuliza anakosea wapi? Atajiona mjinga. Atasoma makala ya baba yake na kudhani tatizo ni mikono yake.

Nimempigia Neema. Sitakuambia alichosema, ni chake. Hakukata simu.

Kisha nikawaandikia wahariri wa jarida lako. Ilinichukua siku mbili kwa Kiingereza changu cha vitabu. Nimewaeleza mzizi ulikotoka na utaratibu wa Shangazi, na yeye ameweka dole gumba chini ya maelezo yake. Nimepiga picha kurasa za daftari nikaambatanisha. Nimewaomba waifute makala. Wakiifuta itabaki imeandikwa jina lako na neno 'imefutwa', na kila atakayekutafuta atalikuta kabla ya chochote kingine ulichofanya. Najua maana yake. Nilijua wakati nabonyeza kutuma, na sikusita, na hilo pia linanitisha.

Shangazi nilimuuliza kama ninakutendea vibaya. Alikuwa anapalilia mahindi. Alisema mgonjwa asiyerudi hafuatwi nyumbani kwake, ndivyo alivyofundishwa, lakini kwako angevunja utaratibu kama angejua unaumwa. Alikuwa anadhani una haraka tu.

Sasa limebaki la wasifu. Niliandika mmoja mkali, mrefu, wenye kila jino nililonalo. Nikaupeleka kwa Mwalimu Fabiani ausahihishe, mazoea ya zamani. Aliusoma mistari mitatu akanirudishia. Akasema niandike upya, vibaya, kwa sentensi fupi, kitu ambacho mtu hawezi kukipenda wala kukikariri. Na akasema atakuja Jumamosi, nimfuate na bajaji, akae mbele asikie.

Kwa hiyo hii ndiyo ahadi yangu, nami sijawahi kukuahidi kitu nikakosa. Mkeo akininyang'anya karatasi nitasema bila karatasi. Padri akianzisha wimbo nitasubiri uishe. Nitasimama juu yako na kusoma haya, bila kuongeza neno:

"Profesa Paskali alizaliwa Sigino. Alinifundisha kusoma. Makala yake ya mzizi wa kisukari si ya kweli, na alijua. Mimi dada yake niliieneza, na Mwalimu Fabiani amepoteza mguu. Unga unaouzwa sokoni hautibu kisukari. Wenye vidonge, mezeni vidonge. Mlioacha, nendeni hospitali Jumatatu."

Halafu nitarudi kwenye kiti changu chini ya turubai. Chakula kitagawiwa, na nitaona nani ataniletea sahani.

Kwaheri, kaka.

Dada yako